Kaburi la Mgeni na Ukuta wa Kanisa la Isighe

Usihesabu mawe, weka lako.

Msemo huo mmeusikia jana kwa Bibi Agripina, mlipokuwa mkibishana pale kwenye ukumbi mpya nani amebeba matofali mengi na nani hujificha kazi ikianza. Akawapita na tofali lake moja kichwani, akalitua, akawaambia maneno hayo manne, akaenda zake. Leo mmekuja kuuliza yametoka wapi.

Methali nyingi hazijulikani zilizaliwa lini. Hii inajulikana, na hata hali ya hewa ya siku yake inajulikana: Jumatatu, tarehe 15 Juni mwaka 1953, asubuhi ya anga jeupe lisilo na wingu, na upepo mkavu wa mashariki uliopasua midomo na kutia vumbi katika uji. Inajulikana kwa sababu iliandikwa. Katika darasa la jioni la misheni, Mwalimu Wenseslaus aliwafundisha watu wazima waanze kila ukurasa wa daftari kwa tarehe na hali ya hewa, ndipo waandike jambo moja la kweli lililotokea siku hiyo. Ukurasa wa siku ile uliandikwa na mwashi mmoja mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, aliyeshika kalamu kama anavyoshika tindo. Jina lake Melkiori. Chanzo cha methali ni kisa chake.

Kanisa la zamani la mawe, hilo ambalo ninyi mnalijua kama stoo ya viti, mwaka ule lilikuwa halijaezekwa. Kuta tatu zilikuwa zimefika juu. Wa nne, ule wa upande wa njia, ulikuwa umefika kiunoni mwa mtu. Melkiori ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Alikuwa mtu wa maneno machache na sala nyingi. Kila jiwe alilolilaza ukutani alilisemea kwa sauti ya chini, "Ee Mungu, lishike hili," kisha akashusha timazi kuona kama limekaa wima. Wasaidizi wake walimtania kwamba Mungu hana haja ya kushika jiwe ambalo Melkiori amekwisha kulipima mara tatu. Alicheka nao, akaendelea kusali.

Lakini siri ya bidii yake ilikuwa mama yake.

Mama yake aliitwa Nyamuri. Alikuwa amepita miaka sabini, mwembamba kama bua la uwele, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kumkataa. Kwa miaka kumi na mmoja Melkiori alimwomba apokee ubatizo, na kwa miaka kumi na mmoja mama alimjibu, "Bado, mwanangu. Mungu wako simkatai. Ila nyumba za wageni siziingii bila sababu." Ndipo kazi ya kanisa la Isighe ilipoanza, na siku moja, akimtengea mwanawe ugali na mlenda, mama akasema bila kuulizwa, "Nyumba utakayoijenga wewe nitaingia. Nitakaa upande wako. Wakinimwagia maji, watanimwagia humo."

Melkiori hakuweza kumaliza ule ugali. Alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba yao ya tembe, akalia kwa shukrani.

Basi Askofu alikuwa amepanga kuja tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, kulibariki kanisa na kubatiza. Barua yake ilisema wazi: kama ukuta haujakamilika, atapitiliza kwenda misheni nyingine, na safari yake ya kurudi upande huu itakuwa baada ya miaka mitatu. Miaka mitatu si mingi kwa ukuta. Kwa mguu wa mama Nyamuri ilikuwa mingi sana.

Na mawe yalikuwa yamekwisha.

Mtashangaa. Mawe yanakwishaje Singida, nchi ya majabali? Lakini jabali si jiwe la kujengea. Jabali hupasuliwa kwa kuliwashia moto mkubwa siku nzima, kisha kulimwagia maji ghafla. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, visima vilikuwa vimeshuka, na hakuna mama angekubali ndoo yake imwagwe juu ya jabali wakati watoto wana kiu. Yaliyotakiwa ni mawe ya kubebeka, ya ukubwa wa kichwa cha mtu au wa ngumi mbili. Na mawe ya namna hiyo yalikuwepo, mengi, hatua arobaini tu kutoka kanisani, upande wa pili wa njia.

Yalikuwa kaburi la Mgeni.

Habari za kaburi hilo zilikuwa hivi. Zamani za zamani, mwaka wa njaa, mwanamke mmoja alitokea kusini na chungu kichwani. Hakuna aliyeijua lugha yake wala ukoo wake. Alianguka njiani mahali pale, akafa. Watu walipofunua chungu walikikuta kimejaa mbegu za uwele. Alikuwa amekufa kwa njaa huku amebeba chakula, kwa sababu alijua mbegu si chakula cha mtu mmoja. Walizipanda, wakapona. Lakini nani amlilie, naye hana ndugu? Wazee wakaamua: kila apitaye njia ni ndugu yake. Apitaye aweke jiwe moja, ataje jina lake mwenyewe, ili marehemu ajue nani amepita. Vizazi vikaja, vizazi vikaenda, kaburi likawa refu kuliko ng'ombe. Waliobatizwa waliweka, wasiobatizwa waliweka, Waislamu waliokwenda mnadani waliweka. Mkono uliinama wenyewe.

Aliyeleta wazo la kuyatumia mawe hayo alikuwa Ladislaus, katekista. Msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mwema, aliyetembea kwa miguu siku mbili kumpelekea mgonjwa sakramenti pamoja na Padri. Ila aliipenda hesabu kupita kiasi. Alihesabu mishumaa, alihesabu waliosinzia katika mahubiri, na hata rozari aliikagua kwanza kama punje zimetimia ndipo aisali. Padri Fintani alikuwa safarini katika vigango vya mbali, atarudi Jumatatu alasiri. Jumapili baada ya sala Ladislaus alimvuta Melkiori pembeni.

"Fundi, sisemi tubomoe kaburi," alisema. "Nasema tuhesabu tu. Wewe sasa umesoma, unafika mpaka elfu. Hesabu ya nje tu, mengine nitakadiria. Kuhesabu si dhambi."

"Na yakitosha?"

"Yakitosha tutamwambia Padri. Yasipotosha hatujasema kitu."

Melkiori hakupenda. Lakini aliuona mguu wa mama yake ukiburuta vumbini, akauona mwezi wa Agosti, akakubali. Usiku kabla hajalala aliomba apewe ishara.

Asubuhi ile ya Jumatatu, upepo ukivuma, alifika kaburini kabla watu hawajaanza kupita. Alihesabu safu kwa safu, kwa uangalifu wa mwashi, mkono mmoja ukigusa kila jiwe. Akapata mia nne na kumi na nane. Akaandika kwenye daftari.

Ladislaus akafika. "Ngoja nami nihakikishe," alisema, akazunguka kaburi midomo ikicheza. Akapata mia nne na kumi na tisa.

"Umeruka moja," alimwambia Melkiori.

"Mimi siruki jiwe, katekista. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Basi nimeongeza mimi? Jamani, mimi nahesabu sadaka tangu wakati wa Padri wa kwanza."

Melkiori alikwenda kwenye mtungi wa mafundi, akanywa maji apoze hasira, akarudi, akaanza upya kutoka jiwe la kwanza. Mia nne na ishirini.

Wakatazamana. Upepo uliinua vumbi kati yao. Kuna maneno ya wazee kwamba mawe ya makaburi ya kale hayahesabiki, na ingawa Ladislaus aliwakataza watu kuamini mambo hayo kila Jumapili, Melkiori alimwona akigusa msalaba shingoni.

Ndipo mama Nyamuri alipotokea, fimbo mkono huu, jiwe mkono ule. Alikuwa na desturi ya kupita hapo kila asubuhi.

"Shikamoo, mama," walimwambia kwa pamoja, kama watoto waliokutwa jikoni.

"Marahaba. Mnatafuta nini, mbuzi amepotea?"

"Tunahesabu, mama," alisema Melkiori. "Haitimii. Kila tukirudia, jiwe moja linazidi."

Mama aliwatazama kwa zamu. Bega lake likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono miwili, lile jiwe akiwa amelibana kwapani.

"Mlipofika hapa asubuhi, kitu cha kwanza mlifanya nini?"

Ladislaus akakuna kichwa.

"Wewe Melkiori, ulipofika?"

Melkiori akautazama mkono wake. Aliinama, aliokota, aliweka, alitaja jina. Ndiyo. Kisha alipotoka kunywa maji akarudi, aliinama tena. Na Ladislaus, ambaye alikuwa amekuja kuhesabu mawe ya kaburi hilo ili yaondolewe, naye alikuwa ameweka lake kwanza, akasema, "Ni mimi, Ladislaus," bila hata kujisikia.

"Mnahesabu mto huku mnakojolea humo humo," alisema mama. Wote watatu wakacheka, na kwa muda mfupi asubuhi ile ikawa njema.

Kisha akauliza, "Na mnahesabu kwa ajili ya nini?"

Melkiori alilikunja daftari. Mama alimtazama mwanawe, akautazama ukuta uliofika kiunoni, akarudi kwa mwanawe. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Kicheko kiliondoka usoni mwake polepole, kama maji yanavyonyweka mchangani. Alilishika jiwe lake, lakini hakuliweka.

"Nyumba hiyo," alisema, "sitaingia."

Akageuka. Mara hii hakumngoja mtu amshike mkono.

Siku nzima Melkiori hakulaza jiwe. Alikaa ndani ya kuta zisizo na paa, mgongo ukutani. Alijaribu kusali, na maneno hayakuja. Mwisho alisema tu, "Bwana, nilikuomba ishara. Umenipa, nami siipendi." Alijua ametega mtego, kisha akanaswa humo mwenyewe. Akiacha mawe, ukuta hautaisha na mama hatabatizwa. Akiyachukua, ukuta utaisha na mama hatabatizwa.

Alasiri Padri Fintani alirudi, kanzu imegeuka rangi ya udongo, kofia yake kubwa mkononi. Alikuwa mtu wa Ayalandi, mwenye nywele zilizokuwa nyekundu kabla hazijawa nyeupe. Alikaa kwetu miaka kumi na mitatu. Kiswahili alikisema bila woga na bila ngeli. Watu wa darasa la jioni, waliokuwa wakiteswa na Mwalimu Wenseslaus kuandika jiwe hili, mawe haya, jiwe lile, mawe yale, walifurahi sana kumsikia Padri akikosea mambo waliyokwisha kuyajua wao.

Waumini kama thelathini walikusanyika ndani ya kuta. Mama Nyamuri alikuja pia. Alisimama nje, mahali ambapo ukuta ulifika kiunoni, akaegemea fimbo. Hakuingia. Jiwe la asubuhi lilikuwa bado mkononi mwake.

Ladislaus alieleza yote kwa haki, hata lile la kuzidi jiwe moja, na watu wakacheka. Padri hakucheka. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia juu ya goti.

"Kwetu Ayalandi," alianza, "kijijini kwa bibi yangu, kuna kanisa la zamani halina paa. Kondoo wanalala ndani. Nyuma ya kanisa kuna kaburi, la zamani kuliko kanisa. Mawe wawili wamesimama, na mmoja mkubwa amelala juu yao kama meza. Mawe wale walikuwa pale kabla habari za Kristo hazijafika kwetu."

Mtu wa nyuma akanong'ona, "Yale. Mawe yale." Wanadarasa wakaziba midomo.

"Ndiyo, wale," alisema Padri. "Sasa, mzee mmoja wa kanisa alitaka yule mkubwa awe kizingiti cha mlango. Wakamfunga minyororo. Farasi sita, kutoka asubuhi mpaka jua kuzama, kumteremsha kilima kidogo tu. Wakamlaza mlangoni. Jumapili watu wakaja, wakasimama nje kwenye mvua. Hakuna mtu alitaka kumkanyaga. Padri wao akasoma misa na mbwa wake. Jumapili ya pili, mbwa pia hakuja."

Sasa watu walicheka bila kuziba midomo.

"Jumapili ya tatu wakamrudisha. Bibi yangu alisema, kumpandisha kilima alitosha farasi mmoja, tena mzee, tena wa jicho moja."

"Padri," aliuliza Ladislaus, "wewe unayaamini hayo?"

"Ya farasi? Hapana." Padri aliigeuza kofia yake. "Lakini nilipita pale kila siku kwenda shule, na kila siku nilivua kofia. Nilipokwenda likizo mwaka juzi, nikapita, mimi padri, mzee. Mkono ukavua kofia wenyewe. Ladislaus, mkono wako na mkono wangu ni ndugu. Mawe wale wanatujua."

"Yale," wakasema watatu kwa pamoja.

"Mwacheni Padri," ilisikika sauti kutoka nje ya ukuta. "Amesema sawasawa."

Watu wakageuka. Mama Nyamuri alikuwa ameweka kiganja juu ya ukuta.

"Mnasoma jioni mpaka macho yanawauma, kisha mnamcheka. Nyumba ina mawe yale. Barabara ina mawe yale. Lakini pale," akaelekeza fimbo ng'ambo ya njia, "pale si yale. Ni wale. Kila mmoja alipowekwa alitajwa jina."

Akaishusha fimbo.

"Melkiori, wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Baba yako walimchukua kubeba mizigo ya vita vya Mjerumani. Walifungwa kamba, wanne wanne. Askari anapiga kelele, twendeni, twendeni. Walipofika hapo, baba yako akainama, na wenzake watatu ikabidi wainame naye kwa sababu ya kamba. Akaweka jiwe. Akasema, 'Ni mimi, Mujungu.' Sikumwona tena. Hakuna aliyeniambia amelala wapi. Kaburi hana."

Melkiori alikuwa amesimama. Jambo la kamba hakuwahi kulisikia.

"Jiwe lake limo humo. Silijui ni lipi. Nimetafuta miaka thelathini na saba, nikachoka, nikasema basi, yote ni lake. Ndiyo maana napita kila siku. Sasa ninyi mnataka kunichukulia. Mtachukua lipi ambalo si yeye?"

Ladislaus aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa na maji, lakini tabia ni ngozi ya mwili. "Mama, nisamehe. Hatutagusa hata moja. Lakini ukuta huu utajengwa na nini? Askofu anakuja baada ya miezi miwili."

"Kesho si mnada?"

"Ni mnada."

"Na wote wapitao hapo, hawaokoti jiwe njiani?"

"Wanaokota."

"Basi mtu anayeweza kubeba moja anaweza kubeba mawili. Moja la Mgeni, moja la nyumba ya Mungu. Waombeni."

Ladislaus aliruka. Vidole vilikuwa vimekwisha kunyooka. "Wapita njia wa mnada ni kama mia mbili na hamsini. Tuseme theluthi watakataa. Minada iliyobaki ni tisa. Mia moja na sitini na saba mara tisa, toa yale yatakayovunjika, toa Waislamu, toa wagonjwa, itakuwa..."

"Ladislaus."

"Naam, mama."

"Usihesabu mawe. Weka lako."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Kisha akaliinua jiwe alilolibeba tangu alfajiri, akalilaza juu ya ukuta, mbele ya kiganja chake. Akasema, "Ni mimi, Nyamuri."

Aliyesogea ni Melkiori peke yake. Alikwenda, akachota udongo, akalikalisha jiwe la mama yake vizuri. Timazi hakushusha. Alisema tu, "Ee Mungu, lishike hili."

Jioni ile aliandika katika daftari tarehe, upepo, na yale maneno manne.

Kesho yake Padri na Ladislaus walisimama njiani tangu mapambazuko. Hawakuhubiri. Waliwaambia wapitao, "La Mgeni moja, na la ukuta moja, ukipenda." Wengine walipita kimya. Wengine waliweka. Mfanyabiashara mmoja wa chumvi, Mwislamu kutoka Kondoa, alisimama akafikiri. "Misa yenu si yangu," alisema, "lakini huyu bibi wa kaburi ni wangu kama ni wenu. Ukuta ukisimama hapo utamkinga na upepo huu." Akaweka mawili, akawatania kwamba la pili ni la punda wake.

Mnada wa pili wanawake walikuja na mawe vikapuni kutoka makwao. Mnada wa tatu waliokuwa wamepita kimya walirudi. Kila mmoja alitaja jina lake, kwa sababu desturi ni desturi, na Melkiori, akilaza mawe hayo mmoja mmoja, alijikuta sala yake imerefuka. Hakusema tena "lishike hili." Alisema "mshike huyu." Na Mwalimu Wenseslaus, alipoyasoma hayo daftarini, alishika kalamu nyekundu, akafikiri, akaiweka chini.

Tarehe 15 Agosti, siku ya Jumamosi, Askofu alifika. Paa la nyasi lilikuwa bado linanuka ubichi. Mama Nyamuri aliingia kwa mlango, amemshika mwanawe mkono, akaketi upande wake kama alivyosema. Alibatizwa Anastasia. Maji yalipomgusa kipaji cha uso alifumba macho, na Melkiori, aliyekuwa ameisubiri saa hiyo miaka kumi na mmoja, hakukumbuka hata sala moja. Alimpangusa tu mama yake shingo kwa leso, maji yasimwingie mgongoni.

Baada ya Misa watu wote walitoka nje, na Askofu akauzunguka ukuta wa upande wa njia. Aliona mawe ya kila rangi, mekundu, meusi, ya kijivu, hakuna mawili yaliyofanana. Akapendezwa.

"Fundi," aliuliza, "ni mawe mangapi yameingia katika ukuta huu?"

Ladislaus alifungua mdomo. Watu wa Isighe wote wakamtazama. Akaufunga.

Mama ndiye aliyejibu, akiegemea fimbo yake, joho jeupe la ubatizo likipepea. "Baba Askofu, sisi hapa tuna neno. Usihesabu mawe, weka lako."

Padri Fintani alitazama viatu vyake. Askofu alimtazama yule mwanamke mzee, akautazama ukuta, akalitazama kaburi ng'ambo ya njia, naye alikuwa mtu wa kuelewa. Alimpa Ladislaus fimbo yake ya kiaskofu amshikie. Akainama na mavazi yake yote ya sikukuu, akatafuta vumbini, akapata jiwe. Akavuka njia, akaliweka juu ya Mgeni, akataja jina lake la utotoni, lile ambalo mama yake alimwita.

Ndipo Melkiori, mtu wa maneno machache, alipovua kofia na kwenda kusimama kati ya ukuta na kaburi. Mkono wake wa kuume ulikuwa bado na udongo wa kazi kwenye kucha. Aliunyanyua, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa waliokuwa wakifungua punda:

"Mimi Melkiori, mwana wa Nyamuri na Mujungu, naahidi mbele ya Mungu, mbele ya mama yangu, na mbele yenu nyote mlio hapa. Niwapo hai, kaburi hili halitapungua jiwe, wala ukuta huu hautakosa fundi. Na kila siku nitakayopita hapa, nikiwa na nguvu au nikiburuta mguu, sitahesabu mawe. Nitaweka langu."